Kengele za Upepo kwa Bustani ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wenye nyumba, wapangaji na mafundi huuliza tena na tena kabla ya kununua kengele za upepo. Jambo moja linapita katika majibu karibu yote: anayenunua kengele hizi ananunua sauti, na sauti hiyo itakaa naye na majirani zake mchana na usiku. Ni vyema aisikilize kwanza, na aujue upepo wa nyumbani kwake, kabla ya kutoa pesa.

## Mambo ya msingi

Kengele za upepo zina sehemu gani, na zinaliaje?

Zina sehemu nne: kisahani cha juu kinachobeba uzito wote, mirija inayoning'inia kwa uzi, kigongeo cha katikati ambacho mara nyingi ni kipande cha mbao cha mviringo, na kibao cha upepo kinachoning'inia chini kabisa. Upepo wenyewe haulizi mirija kwa kiasi cha kusikika. Unachosukuma ni kile kibao cha chini, nacho kinakivuta kigongeo kwa uzi wake, na kigongeo ndicho kinachogonga mirija.

Kwa sababu hiyo, kengele isiyolia haina budi kuchunguzwa kuanzia chini kwenda juu. Mara nyingi mirija ni mizima kabisa, ila kibao ni kidogo mno au kimeanguka.

Kwa nini nyingine husikika kama muziki na nyingine kama sufuria zinazogongana?

Tofauti iko katika kupangwa kwa sauti. Mtengenezaji makini hukata kila mrija kwa urefu unaotoa noti maalumu, na mara nyingi huchagua ngazi ya noti tano. Aliyewahi kuimba kwaya ataielewa upesi: do, re, mi, so, la. Fa na ti huachwa nje kwa sababu fa imekaribiana mno na mi, na ti imekaribiana mno na do, na noti mbili za namna hiyo zikilia pamoja hukwaruza sikio. Kwa kuwa upepo hauchagui mrija wa kugonga, ngazi ya noti tano huhakikisha kwamba mirija yoyote miwili ikigongwa pamoja itapatana.

Kengele nyingi za bei ya chini hukatwa kwa kufuata sura tu: mrija mrefu, mfupi kidogo, mfupi zaidi, bila kujali noti. Wapo wanaozipenda hivyo, na hakuna ubaya, mradi mnunuzi awe amezisikia kabla ya kuzipeleka nyumbani.

Mirija mirefu ni bora kuliko mifupi?

Si bora, ni tofauti. Mirija mirefu na minene hutoa sauti nzito inayodumu, lakini inahitaji kigongeo kizito na upepo wa kutosha kukisukuma. Mifupi na myembamba hulia kwa upepo mdogo, na sauti yake ni kali na hukatika haraka. Urefu una nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani mrija ukikatwa nusu sauti yake haipandi oktava moja (yaani kutoka do hadi do inayofuata juu) bali mbili. Mrija wa sentimita 60 hupanda oktava moja ukikatwa hadi sentimita 42 na nusu hivi.

Tundu la kuning'inizia linapaswa kuwa wapi?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mnunuzi aulize, kwa maana jibu lake hutenganisha kengele nzuri na mbaya kuliko rangi, chapa au bei.

Mrija ukigongwa hujipinda na kujipindua kwa kasi isiyoonekana kwa macho, lakini zipo sehemu mbili ambazo karibu hazisogei kabisa. Kila moja iko umbali wa takribani asilimia 22.4 ya urefu wa mrija kutoka mwisho wake. Uzi ukipita hapo hauuzuii mrija kutetema. Ukipita karibu na ncha, ambako mtetemo ni mkubwa, uzi hunyonya nguvu na sauti hufa mara moja.

Mtu yeyote anaweza kulithibitisha jambo hili kwa kipande cha bomba cha sentimita 60. Libane kwa vidole viwili, kidogo tu, sentimita 13 na nusu kutoka juu, kisha ligonge katikati kwa mpini wa bisibisi: litaimba, na mtetemo utausikia hadi kwenye mifupa ya vidole. Sasa sogeza vidole hadi kwenye ncha na uligonge vilevile. Utasikia mgongano mkavu, basi.

## Kuchagua kwa kufuata upepo wa mahali

Ninaishi Kisumu. Nitarajie upepo wa aina gani?

Upepo wa Kisumu unaongozwa na ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huingia kujaza nafasi, hivyo upepo huvuma kutoka Ghuba ya Winam kuelekea mjini, ukiongezeka kadiri alasiri inavyosogea. Usiku mambo hugeuka, na hewa tulivu zaidi hushuka kutoka nchi kavu kwenda majini. Katikati ya hali hizo mbili huja dhoruba za radi za jioni na usiku, ambazo hutanguliwa na upepo wa ghafla wenye nguvu nyingi.

Kwa nyumba iliyo wazi upande wa ziwa, kama vile Dunga, au iliyo juu kwenye vilima vya Riat, kengele ya ukubwa wa kati au kubwa inafaa, kwa kuwa ndogo italia bila kupumzika alasiri nzima. Kwa nyumba iliyobanwa katikati ya mtaa, tazama swali kuhusu ua wenye ukuta mrefu.

Watu huuliza pia kama maji ya ziwa yataozesha chuma. Ziwa Victoria ni la maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo hewa ya Kisumu haili metali kama hewa ya Mombasa. Kinacholeta kutu hapa ni unyevu na mvua.

Na Nakuru?

Mji uko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya Menengai na Mau, na miezi ya kiangazi, hasa Januari hadi Machi, huleta upepo mkavu wenye vumbi. Nyumba zilizo kwenye miteremko ya Menengai hupata upepo mwingi kuliko zile za bondeni. Vumbi huingia kwenye nyuzi na kuzisaga taratibu kila kengele inapotikisika, kwa hiyo mkazi wa Nakuru atabadilisha nyuzi mapema kuliko mwenzake wa Kakamega, hata kama hewa yake ni kavu na kutu ni kidogo.

Kakamega, Kisii, Kericho na Bungoma?

Hofu huko ni mvua nyingi na, katika maeneo ya chai ya Kericho na Nandi, mvua ya mawe. Epuka vioo na vyungu vyembamba mahali pa wazi, na uchague kigongeo cha mbao ngumu kilichopakwa vanishi pande zote, pamoja na ndani ya tundu, ambako maji huingilia.

Ua wangu una ukuta mrefu na upepo hauingii. Nifanye nini?

Kabla ya kununua chochote, funga utepe mwepesi au ukanda wa karatasi ya nailoni mahali unapokusudia kuning'iniza kengele, kisha utazame kwa siku kadhaa asubuhi, alasiri na jioni. Usipotikisika alasiri, kengele kubwa itakuwa pambo bubu. Hapo chagua mirija myepesi, kigongeo kilicho karibu na mirija (pengo la vidole viwili latosha), na kibao kipana lakini chepesi. Mara nyingi kona ya nyumba au nafasi kati ya majengo mawili hupata upepo hata pale katikati ya ua pametulia.

## Vitu zinavyotengenezewa

Alumini, shaba au chuma: nichague ipi?

Kwa mtu anayenunua mara ya kwanza ningependekeza alumini, na sioni sababu ya kusitasita. Haishiki kutu, ni nyepesi, hulia kwa muda mrefu, na hupatikana. Shaba nyekundu ina sauti nzuri yenye joto, na rangi yake hugeuka kahawia na hatimaye kijani kwa mvua. Ukitaka ing'ae tena, sugua kwa ndimu na chumvi, uisuuze na kuikausha. Ila shaba ina bei, na ina wezi (tazama swali kuhusu wizi). Chuma cha kawaida hulia vizuri kikiwa kipya, lakini bila mabati au rangi huanza kutu msimu wa kwanza wa mvua.

Muuzaji akikuambia ni alumini nawe una shaka, weka sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Chuma cha kawaida kitashika. Alumini na shaba havishiki.

Mianzi inafaa?

Inafaa sana kwa anayependa sauti ya chini, kavu, isiyovuka ua. Tatizo lake ni wadudu watoboao, ambao hufuata wanga ulio ndani ya mti. Dalili ni unga laini wa rangi ya krimu unaodondoka chini ya kengele, na vitundu vidogo kama vya pini. Nunua mianzi iliyokauka na iliyotibiwa, kwa mfano kwa kulowekwa katika maji ya boraksi na asidi ya boriki, na uitundike chini ya paa. Mianzi mibichi hupasuka kwa urefu inapokauka, na mrija uliopasuka hauimbi tena.

Vioo, makombe na mawe ya sabuni ya Kisii?

Haya ni mapambo zaidi kuliko ala. Mawe ya sabuni kutoka Tabaka huchongwa vizuri mno, lakini ni laini na hayana mlio. Tumia kipande chake kama kibao au kisahani, si kama mrija.

## Kununua

Zinapatikana wapi?

Jaribu maduka ya mapambo ya nyumba, wauza miche ya maua kando ya barabara, na wauza vitu vya mitumba katika masoko makubwa kama Kibuye mjini Kisumu, ambako siku ya Jumapili kuna kila kitu. Mafundi wa jua kali wa Kisumu na Nakuru wanaweza kukutengenezea, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora kwa anayejua anachotaka.

Nikiwa dukani, nizipime vipi?

Omba zitolewe kwenye boksi. Muuzaji anayekataa kufungua boksi anakuuzia picha. Zishike kwa pete ya juu, mkono ukiwa umenyooka, uziache zitulie hadi mirija isimame wima. Gonga kila mrija peke yake, katikati, kwa kifundo cha kidole au kipande cha mbao, na uhesabu kimoyomoyo mpaka sauti iishe. Mrija mmoja ukifa mapema kuliko wenzake, tazama tundu lake: huenda uzi umegusa ukingo au tundu limetobolewa juu mno. Mlio wenye mkwaruzo ni dalili ya ufa au kipande kilicholegea ndani.

Kisha angalia mambo matatu ya haraka: kigongeo kiwe karibu na katikati ya mirija mingi, maana hapo ndipo noti kuu hutoka vizuri, ncha za mirija zisiwe na kingo za kukata mkono, na uzi uwe wa kusokotwa, si katani wala pamba. Mwisho, ondoka hatua kumi na umwombe muuzaji azitikise. Hivyo ndivyo utakavyozisikia nyumbani, na hivyo ndivyo jirani atakavyozisikia.

Ninunue mtandaoni?

Unaweza, lakini mwombe muuzaji video yenye sauti ya kengele ileile atakayotuma, urefu wa mrija mrefu zaidi kwa sentimita, na picha ya karibu ya tundu. Picha za matangazo hudanganya ukubwa. Ukiagiza kutoka nje ya nchi kumbuka kwamba metali ni nzito, kwa hiyo gharama ya usafirishaji huongezeka, na juu yake kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16.

Nimpe fundi vipimo gani?

Mpe bomba la aina moja, unene mmoja na kipenyo kimoja, kwani vipimo hivi havifanyi kazi ukichanganya mabomba. Kwa mrija wa kwanza wa sentimita 60, mirija mitano ya do, re, mi, so, la itakuwa na urefu wa sentimita 60, 56.6, 53.5, 49 na 46.3. Matundu yawe sentimita 13.4, 12.7, 12, 11 na 10.4 kutoka juu, kwa mpangilio huohuo. Do halisi si lazima iwe do ya piano. Kinachotakiwa ni uwiano kati ya mirija.

Mwambie akate mrefu kidogo kisha apunguze kwa tupa, kwa kuwa bomba likishakatwa fupi halirudi. Kwa shaba, atafute bomba gumu lililonyooka, si lile laini la mafundi wa friji linalouzwa likiwa limezungushwa.

Kuhusu uzi, wakazi wa Kisumu wana bahati: maduka ya zana za uvuvi huuza nyuzi za nyavu zilizosokotwa, ambazo zimetengenezwa kustahimili maji na kuvutwa. Za poliesta huhimili jua vizuri kuliko za nailoni.

## Kuning'iniza na kutunza

Nizitundike wapi na kwa urefu gani?

Kibao cha chini kiwe juu ya kichwa cha mtu mrefu zaidi nyumbani, au kengele iwe mahali ambapo hakuna apitaye. Chini ya ukingo wa paa la mabati panafaa, lakini hakikisha mirija haigusi ukuta wala gata, kwani mgongano wa bomba na bati hauvumiliki.

Kwenye mti, chagua tawi zima la mwembe au mparachichi, upitishe kamba ndani ya kipande cha mpira wa maji ili isikate gome, na uilegeze tawi linaponenepa. Usitumie mkaratusi, kwa sababu huangusha matawi bila onyo. Pasipo mti, fundi wa kuchomelea anaweza kukunja nondo ya milimita 12 iwe na ndoano juu. Ichimbiwe sentimita 60 na kumwagiwa zege.

Zinahitaji matunzo gani?

Kidogo. Zioshe kwa maji ya sabuni vumbi likizidi, na ukague nyuzi kabla ya mvua za masika na za vuli. Uzi uliochakaa huonekana kwanza pale unapopita tundu: huwa na manyoya na rangi iliyopauka. Badilisha zote kwa pamoja.

## Majirani na sheria

Jirani analalamika usiku. Ana haki?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele na mtetemo za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha wastani cha nje katika maeneo ya makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huanza baada ya saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni utulivu mkubwa, ambao kengele karibu na dirisha inaweza kuuvuruga. Katiba ya mwaka 2010 pia imezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele.

Hata hivyo mambo haya hayafai kufika huko. Mtembelee jirani kabla ya kutundika, mwonyeshe, umwombe akuambie zikimsumbua. Jioni, funga kibao kwa ndoano kando au viringisha kitambaa kwenye kigongeo. Ni kazi ya dakika moja. Kwenye ploti ambako milango inatazamana, chagua mianzi au usitundike nje kabisa.

Mama mkwe anasema kengele hizi huita mapepo. Nimjibu nini?

Nchini China na Japani kengele za upepo zimetundikwa kwenye paa za mahekalu kwa karne nyingi, na huenda hofu hiyo imetokana na habari za namna hiyo. Mweleze kwa heshima kwamba kilichopo ni bomba, uzi na upepo, na umwonyeshe sehemu zote nne. Asiporidhika, na ni nyumba yenu nyote, zitundike mbali na chumba chake au uziache.

## Hali za pekee

Zitafukuza ndege kwenye nyanya au mtama?

Kwa siku chache tu, pengine. Ndege huzoea sauti inayojirudia bila kuwadhuru. Nyavu husaidia zaidi. Kwa anayependa chozi na ndege wengine bustanini, hiyo ni habari njema.

Mirija ya chuma huvuta radi?

Kengele ndogo chini ya paa haibadilishi mahali radi itakapopiga. Kinachohatarisha mtu ni kutoka nje dhoruba ikiwa imeanza ili kuzitungua, hasa zikiwa kwenye mti mrefu uliosimama peke yake. Eneo la Ziwa Victoria lina radi nyingi mno. Zitungue mawingu yanapoanza kukusanyika, au ziache zilie.

Nizuie vipi wizi?

Shaba na alumini huuzwa kama vyuma chakavu, na kengele iliyo karibu na lango huonekana kutoka barabarani. Itundike upande wa ndani wa nyumba, tumia mnyororo mwembamba wenye kikufuli kwenye pete ya juu badala ya ndoano wazi, na ukisafiri iingize ndani. Alumini iliyopakwa rangi huwavutia wezi kidogo kuliko shaba inayong'aa.

Mrija mmoja umepotea. Lazima ninunue seti mpya?

La. Kama mirija mingine ipo, pima urefu wa iliyo kando ya pengo, upeleke mmoja kwa fundi ili apate bomba la kipenyo na unene uleule, na umwombe aukate mpya ukiwa mrefu kidogo kisha apunguze hadi sauti ipatane na mingine. Tundu litobolewe baada ya urefu kukamilika, kwa hesabu ya asilimia 22.4 iliyoelezwa juu, si kabla.